Mlango wa Kufungukia Nje

Mkaguzi aliusukuma mlango wa ukumbi kutoka ndani kwa kiganja, haukwenda. Akausukuma kwa bega, haukwenda. Vijana waliokaa juu ya magodoro yaliyojazwa maganda ya mahindi wakaangua kicheko, na Carmen, msichana aliyewapita wote kwa sarakasi, akamwambia kwa Kichewa huku akijishika mbavu, "Vuta, mayi! Huo unavutwa!"

Mkaguzi, Mayi Kalilombe, hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Annuarite, mama mwenye kikundi. "Mtu anayekimbia moshi havuti," alisema taratibu. "Anasukuma. Na walio nyuma yake wanamsukuma yeye."

Hapo ndipo hasira ya Annuarite ilipopata pa kukaa. Alikuwa amempokea mgeni huyu kwa heshima zote. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, mama wa watu akaletwa kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka barabara ya lami, viatu vimejaa vumbi, na Annuarite akampa maji ya kunawa, akampa chai na karanga. Sasa mgeni alikuwa akizunguka ukumbini na kalamu yake kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa. Mlango mmoja, unafungukia ndani. Nyuma ya mlango, komeo la mti nene kama paja. Magodoro ya kuwaka moto kwa cheche moja. Na upande wa pili wa ukuta, kibanda cha Mbaraka, anayeuza petroli kwa chupa.

"Milango miwili," Mayi Kalilombe akahitimisha. "Yote ifungukie nje. Komeo litoke. Petroli ihame. Mpaka hapo ukumbi umefungwa."

"Mayi, wewe ni mzaliwa wa wapi?"

"Mponela."

"Huko Mponela, kuna siku watu walikuja kukuvunjia mlango wewe umo ndani?"

"Hapana. Namshukuru Mungu."

"Basi usinifundishe mlango."

Mayi Kalilombe alishukuru kwa chai, akapanda kabaza yake. Nyuma yake ukumbi ukafungwa kwa kufuli, na vijana wakatawanyika katika vichochoro vya Dzaleka, kambi yao ya wakimbizi, kila mmoja na njia yake, wala hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Amri yenyewe ilikuwa mpya. Kila mahali panapokusanya watoto na vijana, ilisema, pawe na kibali cha usalama kabla ya likizo ndefu kuanza. Anayeisikia redioni huenda akaisifu. Lakini Annuarite aliijua likizo ya kambini. Likizo ni msichana kukaa kando ya njia tangu asubuhi mpaka jioni, hadi atokee bwana mwenye simu nzuri amwambie kuna kazi ya kuchambua tumbaku Mponela, chakula na malazi juu yake. Wasichana wengine walikwenda na bwana wa namna hiyo, na waliorudi hawakutaka kuulizwa habari za malazi. Ndiyo maana alianzisha sarakasi. Aliona kwamba binti aliyejifunza kusimama juu ya mabega ya wenzake, wote wakimshangilia, si rahisi kumdanganya kwa sahani ya nsima. Na ukumbi ule, wa matofali ya udongo na mabati yaliyolaliwa na mawe, ndio uliokuwa ukimshika Carmen na wenzake. Ukifungwa likizo nzima, watakwenda.

Kuhusu mlango, hakutaka kusikia neno. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu hawa waliumwa. Annuarite alikuwa mtoto wa miaka tisa katika vilima vya Fizi, Kongo, alfajiri ile walipovamiwa. Kaka yake Gélase, kijana wa kuota ndevu, alilisukuma komeo mahali pake, akaegemeza mgongo, akakaza miguu sakafuni. Waliupiga mlango mateke, wakaupiga kwa vitako vya bunduki. Haukuvunjika. Kisha wakachoka, wakaenda kwa baba mdogo, jirani wa hatua chache, ambaye nyumba yake ilikuwa na mlango wa nyuma wa kupitishia mbuzi. Kwa baba mdogo hakupona mtu.

Tangu hapo Gélase hakujenga nyumba ya milango miwili. Alivuka ziwa, akavuka Tanzania, akafika Malawi na ufundi wake, na nusu ya nyumba za mtaa wao kambini ni mkono wake: mlango mmoja, unafungukia ndani, komeo nyuma yake. Watu hawakumwomba hivyo wala hawakumuuliza kwa nini. Wangeshangaa angejenga vinginevyo.

Jioni ile kamati ya ukumbi ilikutana nyumbani kwa Annuarite, na kamati yenyewe ilikuwa watu watatu. Gélase alisema yake kwanza.

"Ule mama anataka tubomowe ukuta? Aende abomowe wa kwake."

"Petroli mi nitahamisha," alisema Mbaraka, mfanyabiashara wa Kindu, mtu asiyependa ugomvi unaoharibu biashara. "Hiyo haina problème. Lakini ya milango, mama Annuarite, uko na mukubwa wake kule Lilongwe. Mukubwa haangaliake vitu vidogo vidogo. Wende umuone."

"Nitaenda," alisema Annuarite. "Nitamwambia kila kitu."

Kwenda Lilongwe si kusimama na kwenda. Mkimbizi huomba kwanza ruhusa ya kutoka kambini, na ruhusa nayo ina foleni yake, ina mtu aliyekwenda kula na ambaye haijulikani anakula nini muda wote huo. Alipoipata, akapanda minibasi. Ofisi aliyoelekezwa ilimwambia faili za Dzaleka ziko jengo la pili. Jengo la pili likamuuliza nani kamtuma huku. Alilala Kauma kwa mshonaji mmoja aliyesali naye kanisa moja zamani, akarudi asubuhi, akakaa benchini akitazama watu waliokuja baada yake wakiingia kabla yake. Kila aliyepita alimsalimu vizuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angetukanwa angejua la kufanya, lakini watu hawa walimpuuza kwa adabu, na adabu haina pa kuishika.

Alipoitwa hatimaye, alikuta bwana mpole, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Alimpa kiti. Akaisoma taarifa ya Mayi Kalilombe, na alipofika katikati akatabasamu.

"Huyu mama ana bidii," alisema. "Bidii kupita kiasi. Milango miwili! Kule kambini?"

Annuarite alihisi kifua kikimfunguka. Alikuwa ameandaa maneno yake yote njiani, habari za Fizi, habari za komeo, habari za baba mdogo, naye bwana huyu alikuwa upande wake kabla hajayasema.

"Masharti haya tuliyaandika tukifikiria shule za mjini," bwana aliendelea, huku akivuta muhuri. "Ninyi wenzetu mmepitia mengi. Mmezoea maisha ya namna ile. Kwa watu wa kule, pale panatosha."

Akapiga muhuri, akampa kibali kwa mikono miwili, kama mtu mstaarabu.

"Zikomo, bwana," Annuarite alimshukuru kwa Kichewa. "Zikomo kwambiri."

Alisimama, akaenda mlangoni, akausukuma. Ulifungukia nje, mwepesi, bila kelele, akajikuta barazani na kibali mkononi. Barazani kulikuwa na mlango mwingine upande wa kushoto na mwingine mwisho kabisa, yote ikitazama bustani. Alisimama hapo. Panatosha. Neno lile lilikuwa limemwingia kama mwiba unaosubiri ukanyage tena ndipo uumie. Panatosha kwa nani? Watoto wa kule hawana mapafu? Moshi ukifika Dzaleka huuliza kwanza mtu ana kitambulisho gani?

Na Mayi Kalilombe, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, hakusema mmezoea. Mama yule alikula vumbi njia nzima, akachekwa na watoto, akatukanwa na mwenyeji wake, na bado alidai milango miwili, sawasawa na ambavyo angedai popote pengine. Katika watu wote waliomshughulikia Annuarite juma lile, ni yeye peke yake aliyewahesabu watoto wake kuwa watoto. Annuarite alikuwa amesafiri mpaka mjini kumshitaki mtu huyo.

Alirudi ndani bila kubisha.

"Bwana, una watoto?"

"Ninao," bwana alisema, akishangaa.

"Shule yao ina milango mingapi?"

"Mama, umepata ulichokijia."

"Nakuuliza milango."

Bwana alivua miwani. "Shule ya watoto wangu isingepita kwa hali ile, kama ndilo unalotaka nikuambie. Lakini hiyo ni shule. Nakusaidia, mama."

"Basi na pangu pasipite," alisema Annuarite. Aliweka kibali mezani. "Mimi nilikuja hapa nina hasira na mtu aliyesema kweli. Wewe umenitendea wema na umenitukana. Sitaki panatosha yako."

"Ukitoka bila hii, unaanza upya. Foleni mpya, ukaguzi mpya. Likizo itakwisha."

"Najua."

Njiani kurudi alilia kwa ghadhabu, akitazama dirishani ili abiria wasimwone. Kilichomkera kuliko vyote ni ile zikomo yake ya mara mbili.

Kambini habari ilitangulia kufika, kama kawaida ya habari za ujinga. Mbaraka alimwona akipita kwenye kibanda kipya alikohamishia petroli yake, akamshika mkono kabisa.

"Mama, ni kweli? Bakupatie kibali, na muhuri juu, we ukatale?"

"Nimekataa."

"Heri nusu shari, mama Annuarite! Heri nusu shari! Sasa batoto unabaambia nini?"

Carmen alikuja mwenyewe jioni, akasimama nje bila kukaa. Kuna bwana wa Mponela, alisema. Anachukua wasichana Jumamosi. Alisema akitazama vidole vya miguu yake, naye alijua vizuri sana anachokisema.

"Ungoje," alisema Annuarite.

"Tunangoja nini, maman? Ulisema unaenda kuleta kibali. Kibali uliacha kule."

Lilikuwa pigo la haki, akalimeza. Akampigia simu Mayi Kalilombe kwa aibu. Akamwambia yote, pamoja na neno panatosha.

"Wakubwa zangu hawatafurahi," Mayi Kalilombe alisema. "Ijumaa nitakuwa Dowa. Nitapita kwako. Foleni niachie mimi. Lakini nikikuta mlango mmoja, nitaandika mlango mmoja."

"Andika utakachokikuta."

Akaenda kwa kaka yake. Gélase alikuwa akipiga randa ubao, na hakuacha alipomwona.

"Yaya," alimwita, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "nataka utoboe ukuta wa nyuma. Uweke mlango wa pili. Na wa mbele uugeuze."

"Apana."

"Yaya."

"Ule muti njo ulikuponesha," alisema Gélase, na randa ikaendelea. "Kama si ule muti, leo hakuna Annuarite wa kwenda Lilongwe kukatala makaratasi. Bantu ba kwetu balikufa juu ya mulango wa nyuma. Mi mwenyewe njo nilibafunika. Unanitumikisha nifungulie batoto mulango wa nyuma?"

"Siku ile wabaya walikuwa nje," alisema Annuarite, na sauti ikampanda bila idhini yake. "Moto ukiwa ndani je? Watoto wale wote, mlango unavutwa, na wa mbele amebanwa na wa nyuma, hawezi kuvuta! Utawafunika na hao?"

Randa ikasimama. Gélase alimtazama dada yake kama aliyepigwa kofi mbele ya watu. Kisha akachukua shati lake kwenye msumari, akaondoka, akamwacha na mbao zake.

Basi akaichukua sululu ya kaka yake, akaenda ukumbini, akafungua kufuli, akaanza kuubomoa ukuta wa nyuma peke yake. Aliupiga bila hesabu na bila ufundi. Alimpiga bwana wa miwani, akampiga aliyekwenda kula, akampiga bwana wa Mponela na simu yake. Aliwapiga na watu wa alfajiri ile, ambao walimfuata nchi tatu na bado walikuwa wakiamua mlango wa watoto wake ufungukie wapi. Matofali ya udongo yalikatika na kumwagika, vumbi likamjaa kinywani. Watu walikusanyika nje. Hakuna aliyemkaribia, maana mwanamke mwenye sululu na hasira huachiwa njia.

"Annuarite! Unatuangushia nyumba!"

Gélase aliingia mbio. Ufa ulikuwa umepanda kutoka kwenye tundu mpaka chini ya mabati, na mavumbi yalikuwa yakishuka kama unga. Alimnyang'anya sululu, akamsukuma pembeni, akaegemeza bega lake chini ya ufa.

"Muti! Leteni muti! Unatoboaka ukuta bila linta? Nani alikufundisha?"

"Wewe ulikataa," alisema Annuarite akihema.

"Leteni muti, nasema!"

Carmen na wenzake walileta nguzo. Walikesha na wasiwasi, ukuta ukakesha umesimama. Siku iliyofuata Gélase alirudi na linta, boriti ya kubeba ukuta juu ya mlango, akaipachika, akanyoosha kingo za tundu, akaweka fremu. Akaung'oa mlango wa mbele na kuugeuza, na komeo akalitupa nje. Fundi hawezi kuvumilia tundu bovu, na Annuarite alijua asidhani kaka amekubali. Vijana walichanganya udongo, wakasiliba ufa. Jumamosi ilikuwa inakuja, naye Carmen alikuwa na udongo mpaka viwikoni, na mambo ya Mponela hayakutajwa.

Alhamisi mchana Gélase alitundika mlango wa pili. Annuarite alikuja kuutazama, akagusa ubao uliopigwa randa vizuri, akausukuma.

Haukwenda.

Alitazama bawaba. Zilikuwa upande wa ndani. Na kwenye fremu, kulia na kushoto, palikuwa pamechongwa vishikio viwili, safi, vimepimwa, vya kupokelea komeo. Hasira ilimpanda mpaka kwenye macho. Aligeuka ili amwambie kaka yake maneno ambayo asingeweza kuyarudisha.

Gélase alikuwa akivitazama vile vishikio kama vitu vilivyoletwa na mtu mwingine. Alipitisha kidole ndani ya kimoja, akakitoa. Kisha akaitazama mikono yake, mgongoni na viganjani.

"Sikujua," alisema. "Mi nilikuwa nafikiri ya inje. Kabisa ya inje."

Maneno yaliyokuwa mdomoni mwa Annuarite yakarudi yalikotoka. Akashika upande mmoja wa mlango. Kaka akashika wa pili. Wakaushusha.

Ilichukua mchana wote kuzihamisha bawaba. Gélase aliviziba vishikio kwa vipande vya mti, akavipiga randa mpaka vikawa sawa na fremu. Jua lilipoanza kupungua ukali, mlango ulikuwa umesimama mahali pake, na safari hii ulifunguka kwa ncha ya kidole. Nje kulikuwa na njia, na wanawake wakipita na ndoo, na uwanda wa mahindi yaliyokwisha kuvunwa mpaka mbali.

Vijana waliingia mmoja mmoja kuujaribu, wakatoka wakicheka, wakazunguka, wakaingia tena kwa mbele. Hatimaye wakatandaza magodoro yao wakaanza mazoezi, kibali au hapana kibali, wala Annuarite hakuwakataza.

Gélase alibaki nje. Aliufunga mlango, akauvuta kwa upande wa njiani. Ulifunguka. Akaufunga tena.

"Muntu yeyote anaweza kuuvuta," alisema.

"Ndiyo."

"Mutoto wa njiani. Mulevi. Yeyote."

"Ndiyo, yaya."

"Na bakikuya?"

Ndani, Carmen alikuwa akihesabu kwa sauti ili wenzake waruke pamoja.

Gélase alingoja kidogo. Kisha akaokota shoka lake, akakaa chini palepale kando ya mlango, mgongo ukutani, uso njiani, akakaza miguu ardhini.

"Bon. Kila siku batoto bakiwa ndani, mi nitaikalaka hapa."

Annuarite alimtazama. Mvi zilikuwa zimejaa vumbi la matofali. Akaingia ndani kumtafutia kigoda.